Shajara ya mradi: vihisi vya hewa chini ya mgodi, wiki ya 1 hadi ya 14

Wiki ya 1

Hatujanunua kihisi hata kimoja. Tumetembea tu.

Mimi nimeingia kwenye mradi huu kutoka upande wa umeme na mawasiliano, na nilikuja na orodha ya vifaa mfukoni. Mzee wa hewa (ndivyo anavyoitwa na kila mtu huku chini, kazi yake ni ukaguzi wa mzunguko wa hewa) aliiangalia orodha akanirudishia. "Mwanangu, kwanza ujue hewa inapita wapi. Ukishajua hilo, hivyo vidude vyako vitajichagulia pa kukaa." Nikabeba anemomita (kifaa cha kupima kasi ya hewa), nikamfuata.

Mgodi wenyewe ni wa metali, mwamba mgumu, hakuna makaa ya mawe. Unashukia kwa rampu, yaani barabara ya mteremko, na leveli (ghorofa za uchimbaji) tatu zinazofanya kazi ziko kwenye kina cha mita 640, 700 na 760. Hewa safi inaingia kwa rampu na kwa shimo moja la wima. Feni kuu iko juu ya ardhi, inanyonya hewa iliyotumika kupitia shimo la pili. Kwenye kila leveli kuna mahandaki yasiyotoboka, na humo hewa haiingii kwa hiari yake. Inasukumwa na feni saidizi kupitia dakti, yaani lile bomba la turubai linaloning'inia darini.

Kupima ni kazi ya miguu na mikono. Unapima upana na urefu wa handaki, unapitisha anemomita taratibu kwa kuizungusha sehemu yote ya handaki, unapata wastani wa kasi, unazidisha kwa eneo. Kwenye feni kuu tulipata mita za ujazo 210 kwa sekunde. Tukajumlisha leveli zote tatu: 148. Tukarudia siku ya pili, kwa sababu mimi nilidhani tumekosea hesabu. 149.

Kwa hiyo karibu theluthi ya hewa inayonyonywa na feni kuu haipiti kabisa walipo watu.

Wiki ya 2

Tumeipata sehemu kubwa ya hewa iliyopotea. Leveli ya zamani ya mita 520, isiyochimbwa tena, ilizibwa kwa mbao na turubai, na turubai limechanika kutoka juu hadi chini. Hewa safi inatoka kwenye rampu, inapita humo, inakwenda moja kwa moja kwenye shimo la kutolea hewa bila kumhudumia mtu yeyote. Halafu kuna milango miwili ambayo mpira wake wa pembeni umeliwa. Ukipuliza moshi wa majaribio karibu nayo, moshi unavutwa kwenye ufa kama uzi kwenye tundu la sindano.

Kwenye kikao mtu alipendekeza tuongeze nguvu ya feni kuu badala ya kuhangaika na kuta. Nimeona niandike hesabu hapa, maana swali hili litarudi. Kanuni tunayoitumia hadi leo iliwekwa na mhandisi Mwingereza John Job Atkinson mwaka 1854: shinikizo linalohitajika kusukuma hewa hukua kwa mraba wa kiasi cha hewa. Na kwa kuwa nguvu ni shinikizo mara kiasi cha hewa, nguvu hukua kwa kipeo cha tatu. Ukitaka hewa zaidi kwa asilimia 20, nguvu inapanda kwa asilimia 73. Feni haikusamehe hata kidogo.

Tumejenga ukuta wa kunyunyizia zege kwenye ile leveli ya 520 na kubadili mipira ya milango. Feni kuu sasa inaonyesha 204 (imeshuka kidogo, ndivyo ilivyo ukiziba njia rahisi), lakini leveli tatu zinapata 181. Ongezeko kama hilo kwa kukazia feni lingetaka umeme karibu mara 1.8. Bila kihisi hata kimoja.

Mzee wa hewa hakusema kitu. Alinirudishia orodha yangu ya vifaa.

Wiki ya 3

Kuchagua gesi za kufuatilia. Hapa watu hupenda kununua kifaa cha gesi sita ili wajisikie salama, halafu baada ya mwaka seli nne (vile viini vya ndani vinavyonusa gesi) zimekufa na hakuna aliyegundua. Sisi tumeanza na swali la nini kinazalishwa humu ndani. Injini za dizeli. Baruti. Moto, ukitokea. Mwamba wetu hautoi methani, na vipimo vya miaka yote vimethibitisha hivyo. Kwenye mgodi wa makaa ya mawe shajara hii ingekuwa nyingine kabisa: methani huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, ni nyepesi kuliko hewa, na hujikusanya darini kama tabaka.

Tumebaki na hizi:

Kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inashikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo haitafuti sakafu wala dari, inachanganyika tu.

Nitrojeni dioksidi. Hii ndiyo ninayoiogopa mimi. Inatoka kwenye injini na kwenye baruti iliyoungua vibaya. Mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akamaliza zamu, akaenda kulala, na mapafu yakaanza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Oksijeni, ambayo kwenye hewa ya kawaida ni asilimia 20.9. Tumeweka kengele ya 19.5.

Pamoja na gesi hizo: kasi ya hewa na joto. Kasi ya hewa nimeipigania. Gesi inakueleza kuwa mambo yameshaharibika, kasi ya hewa inakueleza kuwa yanakwenda kuharibika.

Kwa mipaka, nchi hazilingani. Marekani kikomo cha kisheria cha kaboni monoksidi kwenye viwanda vya kawaida ni ppm 50 (sehemu 50 katika kila milioni ya hewa) kwa wastani wa saa 8. Umoja wa Ulaya umeweka ppm 20 kwa saa 8 na 100 kwa dakika 15, na nitrojeni dioksidi 0.5 na 1. Tumechukua hii ya Ulaya, kwa kuwa ni kali zaidi na imeandikwa wazi pande zote mbili, ya muda mrefu na ya muda mfupi.

Kulikuwa na mjadala kama tuweke vihisi kwenye njia ya hewa safi. "Hewa safi unaipima ya nini?" Jibu ni moto. Lori likiwaka kwenye rampu, moshi wake unasambazwa na feni yako mwenyewe hadi kila leveli. Kule Soma, Uturuki, Mei 2014, watu 301 walikufa, na wengi wao waliuawa na kaboni monoksidi, si ndimi za moto. Vituo vinne vitakaa kwenye rampu. Mjadala uliishia hapo.

Wiki ya 4

Vituo 22 vimefungwa. Kebo ya faiba inafika kila leveli, na kutoka hapo hadi ndani ya mahandaki tunatumia redio, kwa sababu kebo karibu na baruti haina maisha. Vituo viko juu kidogo ya kichwa cha mtu, ukutani, mbali na mkondo wa dakti. Ukikiweka kihisi mbele ya mdomo wa dakti kitakupa namba nzuri mwaka mzima.

Tukio la wiki: kituo cha 7, jirani na chumba cha kuchajia betri, kilianza kusoma kaboni monoksidi 38 usiku wa manane. Hakuna injini iliyokuwa inafanya kazi pale. Msimamizi wa zamu akawatoa watu, sawa kabisa. Akapeleka kipimo cha mkononi: 35. Akachukua cha pili: 36. Vipimo vitatu vinakubaliana, nani atabisha?

Tulitafuta moto siku mbili. Hakuna hata harufu ya kitu kilichoungua. Kilichotufungua macho ni mchoro wa muda. Kila usiku namba ilipanda saa ile ile, nayo ni saa ambayo betri za mashine za karakana zinakaribia kujaa. Ni betri za risasi na asidi, na zikikaribia kujaa, maji yaliyomo huanza kugawanyika na kutoa haidrojeni. Seli za kemikali za kupimia kaboni monoksidi huiona haidrojeni na kudhani ni ndugu yake. Na vile vipimo vya mkononi? Ndani yake mna seli ya aina ile ile. Vilikubaliana kwa sababu vilikosea kwa namna moja.

Tumebadilisha seli ya kituo hicho kwa aina inayofidia haidrojeni. Lakini nisingependa tukio hili liandikwe kama "kengele ya uongo" na kusahauliwa. Haidrojeni inaweza kulipuka kuanzia asilimia 4. Tulikuwa mbali sana na hapo, ila chumba kile kilikuwa hakipumui vya kutosha, na hakuna aliyejua. Tumekifungulia njia ya kutolea hewa upande wa darini.

Wiki ya 5

Kusawazisha vihisi. Nusu ya vituo vilisoma nitrojeni dioksidi chini sana ya gesi ya chupa, ile ya majaribio ambayo kiwango chake kinajulikana. Nikaanza kuandika barua kali kwa muuzaji. Mzee wa hewa akauliza tunapitishia gesi kwenye mpira gani. Mpira wa kawaida. Nitrojeni dioksidi hunata kwenye kuta za mpira kabla haijafika kwenye kihisi. Tumenunua mirija ya tefloni, kila kitu kimekaa sawa. Barua nimeifuta.

Wiki ya 6

Wiki ya baruti, na ndiyo wiki ambayo mradi umejilipia.

Desturi hapa ni kwamba baada ya kulipua, watu wanasubiri dakika 30 kwa saa ya ukutani, kisha kikosi cha kwanza kinaingia na kipimo cha mkononi. Hakuna anayekumbuka dakika 30 zilitoka wapi. Tuliamua kufuatilia handaki moja la leveli ya 700, lenye eneo la mita za mraba 25 na urefu wa mita 300, yaani mita za ujazo 7,500. Feni yake inavuta 15 kwa sekunde.

Hesabu ya kwenye karatasi: kama moshi umejaa handaki lote na hewa inachanganyika vizuri, gesi hupungua kwa kiwango kinachotegemea ujazo uliogawanywa kwa mtiririko. Hapa ni sekunde 500. Kutoka ppm 600 hadi 20 unahitaji sekunde hizo mara 3.4, ambazo ni dakika 28. Nikasema kumbe dakika 30 za wazee zina akili.

Kihisi kilichukua dakika 52 kufika 20.

Siku ya pili, 51. Siku ya tatu tukaenda na anemomita kwenye mdomo wa dakti, kule mbele kabisa. Tulipata 9. Feni inavuta 15, fesi (ukuta wa mwisho wa handaki, panapochimbwa) inapata 9. Sita zote zinamwagika njiani kwenye viungio vilivyofungwa kwa waya, kwenye matundu ya vipande vya mwamba, na kwenye mchano mmoja mrefu ambao lori liliuacha halafu likaondoka bila neno. Weka 9 kwenye hesabu ile ile, unapata dakika 47. Karatasi haikukosea, tuliilisha namba ya feni badala ya namba ya fesi.

Maana yake kwa lugha nyepesi: kwa muda usiojulikana, watu walikuwa wakiruhusiwa kukaribia handaki lile zikiwa zimebaki dakika kama 20 hewa iwe salama. Kipimo cha mkononi kiliwarudisha mara nyingi. Mara nyingi, si kila mara, kwa sababu kikosi kinapima pale kinaposimama, na moshi wa baruti hausafiri sawasawa, unakuja kama mawimbi.

Jambo jingine la wiki hii ni rangi ya moshi. Siku ya pili ya majaribio moshi ulitoka na wekundu wa kahawia. Anfo, baruti tunayoitumia, ni nitrati ya amonia karibu asilimia 94 na mafuta ya dizeli karibu 6, na uwiano huo si wa mapambo. Mafuta yakizidi, unapata kaboni monoksidi nyingi. Mafuta yakipungua, au mchanganyiko ukiloana, zinaongezeka oksidi za nitrojeni, na kahawia ile ndiyo yenyewe. Mashimo ya fesi ile yalikuwa na maji. Fundi wa baruti alikubali bila ubishi: alijaza anfo kwenye mashimo mawili yenye unyevu kwa sababu baruti ya kustahimili maji ilikuwa imekwisha juu ya rukwama. Sasa kituo cha handaki kikiona nitrojeni dioksidi isiyo ya kawaida baada ya mlipuko, fundi wa baruti naye anapata ujumbe. Ni kihisi cha hewa kinachokagua ubora wa kulipua. Sikuwa nimekipangia kazi hiyo.

Wiki ya 7

Dakti imeshonwa na kubadilishwa viungio. Mdomoni sasa 13.5. Hesabu inasema dakika 31 na nusu, kihisi kinasema 35. Tumefuta kanuni ya saa ya ukutani. Kinachoruhusu kuingia ni namba, pamoja na kipimo cha mkononi, vyote viwili.

Nilidhani suala la baruti limekwisha. Dereva wa loda, mashine ya kuchota kifusi, akanijia mwenyewe, jasho jembamba usoni. "Bosi, hewa ikishakuwa safi tunaingia, sawa. Lakini nikianza kuchota kifusi, kichwa kinaniuma. Kila nikichota." Nilimpa kipimo cha kuvaa kifuani kwa zamu nzima. Namba ilikuwa chini kabisa mpaka kijiko kilipoingia kwenye rundo, ndipo ikaruka: kaboni monoksidi 70, 85, mara moja 110. Gesi ya mlipuko hubaki imenaswa katikati ya mawe ya kifusi, ukilifumua rundo inatoka. Nikaangalia kituo cha handaki lile kwa saa zile zile. Kilionyesha vilima vidogo tu, na vimechelewa.

Kituo kiko mlangoni mwa handaki, mita 300 kutoka fesi. Mtiririko wa 13.5 kwenye eneo la mita 25 ni mwendo wa mita 0.54 kwa sekunde. Hewa inatembea zaidi ya dakika 9 kutoka kwa dereva hadi kwenye kihisi changu. Mimi nilikuwa nakaa juu, nikitazama kioo cha kompyuta, nikiamini namwona dereva. Nilichokuwa naona ni pumzi ya dakika 9 zilizopita, iliyokwisha kuchanganyika njiani.

Mabadiliko: kifusi kinamwagiwa maji ya kutosha kabla na wakati wa kuchota. Kila dereva wa loda anavaa kipimo chake chenye kengele. Na kwenye kioo cha chumba cha udhibiti, kila kituo sasa kina namba ya pili pembeni, dakika ambazo hewa imesafiri kufika pale. Waliiomba wafanyakazi wenyewe, na ni kitu ninachokipenda kuliko chochote tulichotengeneza.

Wiki ya 8

Leveli ya 760, zamu ya mchana. Kituo cha 18, kilicho upande wa hewa safi wa feni saidizi, kikaanza kupanda polepole. Hapo panatakiwa kuwa na hewa isiyoguswa. Kufika pale tukakuta mlango wa mbali umeachwa wazi na mtu aliyepita na ngazi, na leveli nzima imebaki na mtiririko wa 13, wakati feni inataka 15. Feni haina adabu ya kuchukua kilichopo tu. Ikikosa, inageuka na kuvuta hewa chafu inayotoka handakini, inairudisha ndani tena. Dereva anavuta moshi wake mwenyewe kwa mara ya pili na ya tatu.

Kasi ya hewa ilikuwa imeshuka dakika 14 kabla gesi haijapanda. Namba ilikuwepo kwenye kioo, haikuwa na kengele. Sasa inayo.

Wiki ya 9

Kengele. Kengele nyingi mno. Kwa siku saba chumba cha udhibiti kimepokea 312, na nilipozipitia moja moja, zilizohitaji mtu afanye jambo zilikuwa 19. Lori likipita karibu na kituo, kengele. Fundi akichomelea, kengele.

Nilikaa na mama wa zamu ya usiku kwenye chumba cha udhibiti. Amefanya kazi pale kuliko sisi sote.

"Mama, hizi unazifanyaje?"

"Nazizima, baba. Nikiwaamini wote wanaonipigia kelele, nitapata wapi muda wa yule anayeumwa kweli?"

Hakuwa mzembe, nimeona kumbukumbu zake. Anazima, halafu anatazama kama namba inaendelea kupanda. Alikuwa akifanya kichwani mwake kazi ambayo programu ilipaswa kufanya. Tukaandika upya kwa kumfuata yeye: kengele ya kwanza hailii, inawaka tu, na inahitaji namba ikae juu ya mpaka kwa dakika 3. Ya pili inalia mara moja, bila kusubiri, kwa mpaka wa dakika 15 au oksijeni ikishuka. Na ujumbe haumwambii tena "Kituo 11, kikomo kimevukwa." Unasema nani aitwe, kwa redio ipi, wapi watoke, waelekee chumba gani cha kukimbilia. Maneno ameyachagua yeye. Ya kwangu aliyakata, alisema ni marefu kwa mtu aliyeshtuka.

Wiki iliyofuata: kengele 41.

Wiki ya 10

Loda imekigonga kituo cha 14. Kimekufa. Tumekisogeza na kukijengea kofia ya chuma. Hakuna jingine.

Wiki ya 11 na 12

Kudhibiti feni saidizi kutoka juu. Feni 9 zimewekewa vidhibiti vya kasi. Hoja ni ile ile ya kipeo cha tatu, ila sasa inatufaidi: feni ikizunguka kwa asilimia 80 ya kasi inatumia karibu nusu ya nguvu, na kwa asilimia 60 inatumia karibu asilimia 22. Handaki ambalo hakuna mtu wala mashine halina sababu ya kupigiwa hewa kama lenye loda.

Ni kiasi gani lenye loda linahitaji? Tumetumia kipimo cha jimbo la Ontario, Kanada: mita za ujazo 0.06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini ya dizeli. Loda yetu ni kilowati 220, inataka 13.2. Hapo ndipo nilipokumbuka ile 9 ya wiki ya 6. Lori la kilowati 400 linataka 24, kwa hiyo haliingii handakini kabisa, linapakiwa kwenye njia kuu ambako mtiririko ni mkubwa.

Mzee wa hewa alikuwa na hofu moja tu, na nilichukua siku mbili kuielewa. Hakuogopa feni kupunguzwa. Aliogopa kompyuta kukatikiwa na mawasiliano wakati feni iko chini. Tukaweka sharti: feni ikikosa amri kwa sekunde 30, ipande yenyewe hadi kasi kamili. Iliandikwa, ikapitishwa, ikasifiwa. Yeye akaenda kwenye leveli ya 640 wakati hakuna mtu chini, akachomoa kebo ya faiba.

Feni 6 zilipanda. 3 zilizima.

Fundi aliyepanga vidhibiti vile vitatu alikuwa ameacha mpangilio wa kiwandani, ambao kwao kukosa amri ni sababu ya kusimama. Kwa mashine ya kukatia mbao hilo ni sahihi. Tumerekebisha, na jaribio la kuchomoa kebo sasa linafanyika kila mwezi na feni zote 9, zamu ikiwa imetoka.

Sheria tuliyoongeza: feni ya handaki haizimwi kabisa, hata likiwa tupu. Kiwango cha chini ni asilimia 40. Na baada ya mlipuko, mtu wa kibinadamu tu ndiye anayeweza kuipunguza.

Wiki ya 13

Kuna wanaoanza kusema "sasa tunaona hewa yote." Hapana. Vihisi hivi haviioni masizi ya dizeli, na haviioni vumbi la silika. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la visababishi vya uhakika mwaka 2012. Kwa masizi tunamvalisha mfanyakazi pampu ndogo yenye kichujio kwa zamu nzima, kisha maabara inapima kaboni tupu ya masizi iliyonaswa. Mpaka wa Ulaya ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, na kwa migodi ya chini ya ardhi umeanza kutumika Februari 2026. Majibu yanarudi baada ya siku kadhaa, yakieleza habari za zamu ambayo kila mtu ameshaisahau. Hakuna mchoro wa kupendeza wa kuweka kwenye kioo, na ndiyo maana bajeti yake huwa ya kwanza kukatwa. Nimeandika hivyo kwenye ripoti, kwa maneno hayo hayo.

Loda moja ilitoa masizi mengi kuliko wenzake. Tatizo lilikuwa kwenye sindano za mafuta. Kuitengeneza kumesaidia kuliko feni yoyote, maana moshi usiotengenezwa hauhitaji kusukumwa nje.

Wiki ya 14

Vituo 21 kati ya 22 vinafanya kazi. Cha 14 kimegongwa tena, kofia ya chuma imebaki nzima na kihisi kimetoka, sijui tumejenga nini pale.

Lile handaki la leveli ya 700 limefika mita 340. Ujazo umekuwa 8,500, dakti imeongezwa vipande, mdomoni tumepata 13.0, chini ya 13.2 inayotakiwa na loda. Muda wa kusubiri baada ya mlipuko kwa hesabu ni dakika 37, na hewa inachukua karibu dakika 11 kufika kwenye kituo. Namba ya pembeni kwenye kioo bado inaandika 9. Programu haijui kuwa handaki linakua, nilisahau kuiambia.

Kesho asubuhi: kubadili namba hiyo, kushona kiungio cha mita 210, loda isiingie mpaka tupime tena. Mzee wa hewa amesema anemomita atabeba yeye, mimi nibebe ngazi.